MWILI, MLO NA MANENO: HISTORIA YA DHANA POTOFU KUHUSU UNENE NA KUKONDA KATIKA KISWAHILI

1.0 Utangulizi



Mada niliyoichagua jioni hii inaweza kudhaniwa kuwa imepotea njia. Kwamba ilikuwa ikienda hospitali ikajikuta katika ukumbi wa wanalugha. Hata hivyo, sidhani kuwa imepotea. Mtu anapomweleza mganga kuwa amekonda, kuwa amenenepa, kuwa hajala, au kuwa amepunguza chakula, anatumia maneno yenye historia ndefu kuliko umri wake, na maneno hayo hayamwelezi mganga jambo lile lile analodhani yanamweleza. Pengo hilo lina gharama. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa Tanzania wa mwaka 2015-16, zaidi ya robo ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Nchini Kenya, utafiti wa aina hiyo wa mwaka 2014 ulipata kiasi cha theluthi moja. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo zamani tulivihesabu kuwa maradhi ya wachache, sasa vimo katika ukoo wa karibu kila mmoja wetu.

Ni rahisi kusema kwamba watu wanashikilia dhana potofu kuhusu chakula kwa sababu hawakuelimishwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Nyingi ya dhana tunazoziita potofu zilikuwa na ukweli wake katika wakati fulani na kwa watu fulani. Wakati ukapita, hali zikabadilika, lakini maneno yakabaki na hukumu zake. Kwa hiyo kazi ya kuzirekebisha si ya daktari peke yake; ni yetu pia.

2.0 Unene kabla ya mizani

Tuanze na neno lenyewe. Mzizi -nene unapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, na katika nyingi kati yake maana yake ya msingi ni ukubwa. Katika Kiganda na Kilingala, mzizi huu ndio unaotaja kitu kikubwa. Katika Kikikuyu, mkubwa wa watu, yaani kiongozi, huitwa kwa mzizi huo huo. Kiswahili kimeuachia -kubwa wajibu wa kutaja ukubwa kwa jumla, kikaubana -nene katika upana wa umbo: kitabu kinene, sauti nene, mtu mnene. Lakini heshima ya ule ukubwa wa asili haikufutika. Tazama ndugu yake -nono. Kwa kawaida anayenona ni mnyama, na anayenenepa ni mtu. Hata hivyo, kila tunapotaka kusifu malipo tunasema mshahara mnono, zawadi nono, donge nono. Hakuna anayetamani mshahara uliokonda.

Kwa upande wa pili liko neno kukonda, ambalo mara chache husimama bila sababu yake. Mtu hukonda kwa mawazo, kwa maradhi, kwa njaa, kwa mateso ya ndoa. Anayekutana na mwenzake baada ya muda mrefu akamwona amepungua, hamwambii kwamba amependeza. Humuuliza kwa sauti ya chini: 'Mbona umekonda, kuna nini?' Swali hilo linadai maelezo. Kunenepa hakukudai maelezo yoyote. Aliyenenepa ameambiwa amenawiri, amepata mwili, maji ya huko alikokuwa yamemkubali. Angalieni usemi huu wa kupata mwili: ni kana kwamba yule mwembamba alikuwa bado hajawa nao.

Hukumu hizi hazikutoka hewani. Ziliumbwa na jamii zilizoijua njaa. Wazee wa Ugogo waliipa njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 jina la Mtunya, na jina hilo likabaki kuwa alama ya kuhesabia miaka. Njaa hiyo ilifuata vita vya wakoloni vilivyochukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Katika mazingira kama hayo mafuta ya mwilini yalikuwa ghala. Mwenye ghala hilo aliuvuka msimu. Asiyekuwa nalo hakuuvuka. Ndiyo maana methali inasema adui muombee njaa, na nyingine ikakumbusha kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini. Methali hii ya pili imewahi kufasiriwa kuwa ni ya ulafi. Mimi naiona kuwa ni ya mtu ambaye hana uhakika wa kesho.

Katika pwani, hekima hiyo iliingia pia katika malezi ya wanawake. Mwali aliyewekwa ndani alilishwa, akasingwa, akatoka akiwa amenawiri, na unawiri wake ulikuwa ushahidi wa uangalizi wa nyumba yake. Mzazi naye alitunzwa siku arubaini kwa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku ili arudishe mwili, na tumbo lake likafungwa mkaja. Sina shaka kwamba desturi hizi zilifaa. Mwanamke aliyetoka kujifungua anahitaji chakula na mapumziko, na mkaja huweza kumpa utulivu wa misuli na mgongo.

Mizani ilikuwapo, lakini haikuwa ya watu. Frasila na ratili zilipima pembe, karafuu na sandarusi. Uzito wa mtu ulikuwa jambo la sifa: mtu mzito ni mwenye madaraka, maneno mazito ni yale yasiyojibiwa haraka, na mjamzito ni mwenye kubeba uhai wa pili.

3.0 Mizani inapoingia kijijini

Mizani ya mtu ilipowafikia wananchi wengi, iliwafikia kwa sababu maalumu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Mwingereza David Morley, akifanya kazi magharibi mwa Nigeria, alitengeneza kadi ya kufuatilia ukuaji wa mtoto mwezi hadi mwezi. Wazo hilo lilienea Afrika nzima. Nchini Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, mwaka ule ule wa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya; mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Kisha, katika miaka ya 1980, mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulifanya upimaji wa uzito wa watoto kuwa shughuli ya kijiji kizima.

Mafanikio ya kazi hiyo hayabishaniwi. Hata hivyo, tuitazame kama tukio la lugha. Kwa kizazi kizima cha akina mama, kupimwa uzito kulikuwa na maana moja: mstari ukipanda, mtoto yu salama, mstari ukilala au ukishuka, mama anaulizwa maswali. Hilo ni sahihi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 5. Tatizo ni kwamba mizani haikuletwa na somo la pili la kueleza kuwa kwa mtu mzima mstari haupaswi kuendelea kupanda. Neno utapiamlo nalo likafungwa katika picha moja, ya mtoto mwenye mbavu zinazohesabika au miguu iliyovimba. Leo wataalamu wa lishe wanalitumia kwa pande zote mbili, yaani upungufu na ziada, na wanaeleza kwamba nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye unene uliokithiri. Msikilizaji wa kawaida, akiambiwa kwamba mama huyo mnene naye ana utapiamlo, hudhani msemaji amekosea.

4.0 Kitambi na siasa

Nisije nikaeleweka kuwa nasema Waswahili wameusifu unene wakati wote. Neno kitambi linatosha kukanusha jambo hilo. Neno hili, ambalo lina maana nyingine ya zamani ya kipande cha nguo, limekuwa jina la tumbo la mtu mzima aliyeshiba kwa muda mrefu, na kushiba huko kumekuwa na wapenzi na maadui. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, msamiati wa siasa ulijaa picha za mwili: mnyonyaji, kupe, unyonyaji wa jasho la wengine. Katika picha hizo, mwenye kitambi hakuwa na siha. Alikuwa na chakula cha wenzake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba lawama hii ilikuwa ya kimaadili, haikuwa ya kiafya. Kitambi kilishutumiwa kwa kuwa ni ushahidi wa wizi, si kwa kuwa kinaudhuru moyo wa mwenye nacho. Siasa zilipolegea katika miaka ya 1980 na biashara huria ikaingia, shutuma ilififia na kitambi kikabaki kuwa dalili ya mambo kumnyookea mtu. Hapakuwa na hoja ya afya iliyokuwa imejengwa ili ishike nafasi ya hoja ya haki.

5.0 Miaka ya kuogopa kukonda

Kisha likaja pigo ambalo liliirudisha hofu ya kukonda kwa nguvu mpya. Nchini Uganda maradhi mapya yaliitwa 'slim' kwa sababu ya namna yalivyomdhoofisha mgonjwa, na mwaka 1985 jina hilo likaingia katika makala ya kitabibu yaliyochapishwa na jarida la The Lancet. Nchini Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kiswahili kiliunda jina lake, Upungufu wa Kinga Mwilini, yaani UKIMWI. Wanaisimu hawatakosa kuona kwamba upungufu unatoka katika kitenzi kile kile, kupungua, tunachokitumia tunaposema fulani amepungua mwili. Kinachopungua katika jina la ugonjwa ni kinga. Lakini masikioni mwa watu, na mbele ya macho yao, kilichopungua kilikuwa mwili.

Kwa miaka mingi, basi, mtu aliyepunguza uzito kwa hiari yake alikuwa akijitangazia msiba. Wako waliokatishwa mazoezi na mama zao. Wako waliolazimika kueleza kazini kwamba si wagonjwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure nchini Tanzania mwaka 2004, kunenepa kukawa ndiyo habari njema: fulani amerudisha mwili. Kwa mgonjwa aliyekuwa amedhoofika hiyo ilikuwa habari njema kweli. Hata hivyo, fundisho lililobaki kwa majirani lilikuwa la jumla mno, kwamba mnene ni mzima na mwembamba ana lake jambo. Dhana hiyo ina makosa mawili. Mtu mwenye virusi anaweza kuwa mnene kabisa, na mtu mnene asiye na virusi anaweza kuwa na kisukari kisichopimwa kwa miaka kadhaa. Macho hayapimi damu.

6.0 Kupungua kwa hiari: dhana mpya na maneno ya zamani

Katika miongo ya hivi karibuni mizani imebadilika upande. Sasa wapo wengi, hasa mijini, wanaotaka kupungua. Tunasikia habari za dayati, za kupunguza mwili, za kutoa kitambi. Lakini hamu hii mpya imelazimika kusema kwa maneno yaliyokuwapo, na baadhi ya maneno hayo yanapotosha. Nitataja matatu.

Neno la kwanza ni mafuta. Kwa Kiswahili, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya gari na mafuta ya mwilini ni neno moja. Kila aosheaye sufuria anajua kwamba mafuta yaliyoganda huondoka kwa maji ya moto, na yakishindikana hutiwa ndimu. Kutoka hapo hadi kuamini kwamba maji ya moto yenye ndimu yakinywewa asubuhi huyeyusha mafuta ya tumbo ni hatua fupi, na lugha ndiyo iliyoifupisha. Kwa kweli maji hayo hayakutani na mafuta ya tumbo hata kidogo; huingia katika mfumo wa kumeng'enya chakula, ilhali mafuta yamo ndani ya seli chini ya ngozi na kuzunguka viungo. Mwili huyatumia pale tu nguvu inayoingia inapokuwa pungufu kuliko inayotumika. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown walionyesha katika jarida la BMJ kwamba katika kila kilo 10 za mafuta yanayotumika hivyo, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kaboni dayoksaidi, na kinachosalia hutoka kama maji. Kosa hilo hilo humfanya mtu avae koti zito akimbie juani: jasho ni maji, na kilo zinazotoka nalo hurudi na bilauri ya kwanza. Na ndilo linaloufanya mkaja wa mzazi uuzwe leo kama mkanda wa kukata kitambi. Kinachobanwa hakipungui, kimebanwa tu.

Neno la pili ni chakula. Mezani kwetu chakula ni ugali au wali, ndizi au muhogo. Vinginevyo, nyama ikiwamo, ni mboga au kitoweo. Kwa hiyo anayesema amepunguza chakula mara nyingi anasema kweli: ugali umepungua. Lakini nyama ya kukaanga, chipsi za jioni na soda havikuguswa na ahadi yake. Gramu moja ya wanga hutoa kiasi cha kalori 4 na gramu moja ya mafuta kiasi cha kalori 9. Kumwonea ugali na kuliacha karai la mafuta ni kumwadhibu aliye karibu. Ushauri wa kukimbia wanga wala si mpya. Mwaka 1863, William Banting wa London, aliyekuwa mtayarishaji wa mazishi, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Kijitabu hicho kilipendwa hata jina lake likageuka kuwa kitenzi katika Kiingereza, na Waswidi hadi leo husema 'banta' kwa maana ya kujinyima ili upungue. Kila kizazi huupata ushauri huu kana kwamba umeshuka jana.

Neno la tatu si nomino, ni kitenzi: kunywa. Asubuhi hatuli, tunakunywa chai. Na chai hiyo inaweza kuwa na maandazi matatu, chapati mbili na vijiko vitatu vya sukari kwa kila kikombe. Mgonjwa anayeulizwa na muuguzi, 'Umekula nini leo?' akajibu, 'Sijala, nimekunywa chai tu,' hamdanganyi. Sarufi yake inamwambia kwamba hajala. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya namna hiyo kwa siku ametumia vijiko 9 vya sukari. Tukikadiria kijiko kuwa gramu 4, hizo ni gramu 36, ambazo zina takriban kalori 144, kabla hatujafika kwenye andazi. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayoandikwa katika daftari la muuguzi asiyejua kuuliza.

Liko pia jambo la kushinda njaa. Wengi huamini kwamba njia fupi ya kupungua ni kuacha kula kabisa. Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula vijana 36 wa kujitolea kwa majuma 24, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hao walidhoofika, wakawa wepesi wa hasira, wakaota na kuzungumza juu ya chakula usiku na mchana. Miili yao ikapunguza matumizi ya nguvu ili kujihifadhi. Mwili haujui kwamba njaa hii ni ya hiari. Unaipokea kama Mtunya. Ndiyo maana aliyejinyima kwa ghafla huurudia uzito wake, kisha huambiwa kwamba hana msimamo. Tunaoifahamu historia ya njaa tungepaswa kuwa wa mwisho kumlaumu.

7.0 Namba na mtu

Kabla ya kuhitimisha, nitoe tahadhari moja dhidi ya dhana potofu ya wasomi wenyewe, kwamba namba inamaliza mjadala. Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, ambapo kilo hugawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita, kilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830 ili kuchunguza wastani wa umma. Ni Keys yule yule ambaye mwaka 1972 alikipa jina kinachojulikana nalo leo, na alikipendekeza kwa kuchunguza makundi ya watu. Kipimo cha 25 au cha 30 ni onyo lenye manufaa, lakini hakitofautishi misuli na mafuta, wala hakisemi mafuta yamekaa wapi. Tukiibadilisha hukumu ya jirani kwa hukumu ya namba, tutakuwa tumebadilisha hakimu tu.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Nimejaribu kuonyesha kwamba hofu ya kukonda ilizaliwa na njaa, ikaimarishwa na mizani ya kliniki ya watoto, ikatiwa muhuri na UKIMWI. Na kwamba dhana mpya za kupungua zimepanda juu ya maneno yasiyozibeba vizuri. Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, watunzi wa kamusi waliweke neno utapiamlo katika maana zake zote mbili, na watafute pamoja na wataalamu wa lishe istilahi ya kutenga mafuta ya mwilini na mafuta ya chunguni. Pili, wanaofasiri vijitabu vya afya wasiishie kuhamisha neno la kigeni kwa neno la kamusi. Sentensi ya kumtaka mtu ale kidogo haiwezi kumfikia ikiwa kinachomdhuru amekinywa. Swali la muuguzi liwe: tangu ulipoamka, ni kitu gani kimepita mdomoni mwako? Tatu, wanafunzi wa isimu waliopo hapa wakae kliniki wiki chache, si kama wagonjwa, bali kama wasikilizaji, na waandike jinsi watu wanavyoieleza miili yao. Tasnifu za namna hiyo ni chache mno.

Na sisi tulio wengi, ambao hatuandiki kamusi wala hatushiki mizani, tunaweza kuanza na salamu zetu. Kesho utakapokutana na rafiki uliyepoteana naye, muulize habari za nyumbani, za kazi na za watoto. Habari za mwili wake msubiri akueleze mwenyewe.